Swichi ya Ndia Mbili

Kefule! Nikiikumbuka ile kibodi, hata leo mate hunijaa kinywani, na si mate ya tamaa. Siku ilipotoka dukani ilikuwa nyeusi. Mimi nilipoikuta ilikuwa na rangi isiyo na jina, na baadhi ya herufi hazikusomeka kwa uchafu uliokaukia juu yake. Ukiigeuza na kuitikisa vilianguka vipande vya viazi karai, maganda ya njugu, nywele, na siku moja ukucha. Ukucha wa mtu, wallahi, mzima, umekatwa vizuri! Niliuokota kwa karatasi nikautupa nje, nikarudi nikakaa nikajiuliza nimemkosea nani.

Zahanati yenyewe ilikuwa ndogo, katika mji mmoja wa kisiwa cha Pate. Mji sitautaja, maana watu wa huko ni wale wale na kila mmoja atajijua. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, nilikwenda huko kushika rekodi za wagonjwa. Tulikuwa watu wanne. Kulikuwa na tabibu kutoka bara, ambaye kila mtu alimwita daktari naye hakukataa. Kulikuwa na muuguzi, mwanamke mkimya wa kijiji cha Chundwa. Kulikuwa na mimi. Na kulikuwa na bwana wa mapokezi, ambaye meza yake na yangu ziligusana.

Niseme kweli, bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alimjua kila mtu mjini na ukoo wake. Mgonjwa hajakaa kitini, yeye ameshaandika jina la baba na la babu. Lakini mikono yake, Mola nisitiri! Asubuhi alikula viazi karai kwa ukwaju pale pale mezani, akilamba kidole kimoja kimoja, na kidole kilicholambwa ndicho kilichobonyeza. Ikikaribia adhuhuri alifungua mfuko wake wa miraa. Alitafuna huku akiandika, na jani lililomshinda alilitoa mdomoni kwa ncha za vidole akalibandika kwenye ukingo wa skrini, ati atalitupa baadaye. Pua nayo aliikuna kwa bidii, kwa ndani. Nikimtazama ananiuliza, "Bi, mbona umenuna leo?" Nimwambie nini?

Mimi nina kinyaa, na sijifichi. Kwetu tulilelewa hivyo. Mama akimwona nzi kwenye kikombe kimoja, vikombe vyote sita vilirudi kuoshwa. Nikienda kazini nilibeba mkobani chupa ya spiriti na pamba, na kitasa cha mlango sikukigusa bila pamba. Wenzangu walinitania. Bwana wa mapokezi alikuwa akisema, "Huyu akifa ataamka aulize sanda imefuliwa na nani." Wakacheka, na mimi nikacheka, na pamba nikaendelea kuitumia.

Mwanzoni kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, skrini yake na kibodi yake, nami nilikuwa na amani. Kompyuta ya bwana ilikuwa ya majina na zamu: nani amefika, nani anamwona daktari saa ngapi. Yangu ilikuwa ya maradhi: nani anaumwa nini, anakunywa dawa gani, lini arudi. Zilitengwa kwa makusudi. Mtu wa mapokezi hana haja ya kujua maradhi ya watu, na katika mji ule, ambapo ukipiga chafya chumbani kwako jirani wa tatu anakuombea rehema, jambo hilo lilikuwa zito. Nilipoajiriwa nilitia sahihi karatasi kwamba nitatunza siri za wagonjwa. Nilizitunza. Hata mume wangu sikumwambia kitu.

Basi hewa ya chumvi, ambayo haina huruma na kitu chochote chenye chuma ndani yake, ikaingia kwenye skrini yangu. Ikaanza kwa mistari, ikafuata ukungu, mwisho ikazima kabisa. Haukupita mwezi, kibodi yangu nayo, ile safi niliyoipangusa kila siku, ikagoma kuandika. Fundi akaifungua, akanusa, akanitazama. Akasema nimeiua mwenyewe kwa spiriti.

Daktari akatuita. Akasema skrini nyingine hatutanunua, kwa sababu umeme wetu ni wa sola na betri zimechoka, skrini mbili zikiwaka friji ya chanjo inalalamika. "Tununue swichi," akasema. "Skrini moja, kibodi moja, kompyuta mbili. Madam anabonyeza, anaona yake. Anabonyeza tena, jamaa anaona yake."

"Kibodi ipi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Si ni hiyo iliyobaki?"

Bwana wa mapokezi akanitazama kwa furaha, akasema sasa tutakuwa ndugu wa chombo kimoja. Nikamwambia afadhali nile na paka. Lakini neno la daktari lilikuwa limepita, na mimi nikadai jambo moja tu: swichi yenyewe nitaichagua mimi, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeteseka.

Mara ya kwanza nilimwagiza bwana mmoja wa boti la abiria, aliyekuwa akitoka Kizingitini kwenda Amu kila siku, na ambaye wanawake wote walimwagiza vitu, kuanzia vitambaa vya shela hadi dawa ya meno. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Ninunulia swichi ya kompyuta, ya ndia mbili." Ndia ndiyo njia, kwenu nyinyi wa Kiswahili cha shule. Nilidhani nimeeleza hadi basi: ndia mbili, kompyuta mbili. Nani asingefahamu? Kumbe fundi wa umeme yeyote ukimtajia swichi ya ndia mbili anajua kitu kimoja tu, ile ya kwenye ngazi, unayowashia taa ukiwa chini na kuizimia ukiwa juu. Jioni bwana wa boti akanikabidhi swichi ya ukutani, nyeupe, na skrubu zake ndani ya kifuko cha nailoni.

"Na kompyuta je?" nikamuuliza. "Hukumwambia mwenye duka ni ya kompyuta?"

"Nilimwambia, Bi. Akanambia hata kompyuta yataka umeme."

Kesho yake nilipoitoa pale kazini, bwana wa mapokezi alicheka mpaka miraa ikamtoka mdomoni ikatua katikati ya skrini. Kijani kibichi, na mate yake. Ikaanza kuteremka polepole, na mimi nikaikodolea macho, sikuweza kuyaondoa. Kisha nilitoka nje nikasimama uani.

Mara ya pili niliamua kupiga simu mwenyewe kwa muuzaji wa vifaa vya kompyuta Mombasa. Alikuwa na sauti ya mtu anayehudumia wateja watatu kwa pamoja. Akaniuliza skrini yangu ina mdomo gani. Nikamwambia skrini haina mdomo. Akasema, "Dada, waya wa picha, ule unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye skrini, kichwa chake kikoje?" Nikamwambia ni kipana, cha buluu, kina skrubu mbili huku na huku za kukazwa kwa vidole. Akaguna. Akasema hiyo ni mitambo ya babu zetu, lakini swichi zake bado anazo, za aina mbili.

Ya kwanza haikuwa na kitufe. Ukitaka kuhama kutoka kompyuta hii kwenda ile, unabonyeza mara mbili mfululizo kibonye fulani cha pembeni ya kibodi, ambacho watu hawakitumii kwa kitu kingine, kisha mshale. Asiyejua, hajui, anaweza kukaa hapo mchana kutwa asiihamishe. Ya pili ilikuwa kisanduku chenye waya mrefu, na mwisho wa waya kitufe kimoja cha duara, kinene, unachokiweka popote mezani. Unakigonga, skrini inahama. "Hiyo rahisi sana," akasema. "Hata kwa kiwiko unahamisha."

Hata kwa kiwiko! Nilihisi mtu amenifungulia dirisha. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mara ngapi kwa siku ningelazimika kugusa vibonye vile kwa sababu ya kuhama tu, na hapa naambiwa hakuna haja, ninacho kiwiko.

Daktari aliposikia, alisema nichukue ile ya kwanza. "Hiyo ya kitufe kila mtu atakuwa anabonyeza-bonyeza, madam. Na zile rekodi zako?"

"Rekodi zangu zina neno la siri," nikamwambia. Siku hiyo ilikuwa kweli.

Akainua mabega. Nikaagiza ya kitufe. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavushwa, ikabadilishwa boti, ikanifikia siku ya nne. Niliifunga mwenyewe, waya kwa waya, nimevaa glavu za zahanati, bwana wa mapokezi akinisimulia kisa cha ng'ombe aliyemezwa na mkondo. Nilipogonga kitufe kwa kiwiko na skrini ikahama, nilifurahi mpaka nikagonga tena bila sababu.

Mtu mwerevu angenunua kibodi ya pili akaichomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta yake, habari ikaisha. Muuzaji yule yule alinambia hivyo miezi baadaye. Mbona hukunambia siku ile? nikamuuliza. Akasema sikumuuliza kibodi, nilimuuliza swichi. Alaa! Ndivyo tulivyo.

Kitufe kikanisaidia kuhama, lakini kuandika ni kuandika. Niliifunika kibodi kwa nailoni ya jikoni. Siku ya pili bwana akaichana, ati vidole vinamteleza. Niliipangusa kwa spiriti asubuhi. Ikifika saa nne imerudi ilivyokuwa. Niliandika kwa kidole kimoja, kisha kwa ncha ya kalamu. Bwana akitoka mimi naingia, mimi nikitoka yeye anaingia, na kiti kilikuwa kina joto lake. Akh!

Kilichonishinda kabisa ni lile neno la siri. Kila niliporudi kwenye kompyuta yangu, ambayo ilijifunga yenyewe ikiachwa kwa dakika moja, ilinidai niliandike, herufi na tarakimu kumi na mbili, na nilirudi labda mara ishirini kwa siku. Kwa ncha ya kalamu nilikosea, na nikikosea nilianza upya. Asubuhi moja nilikuta tone la ukwaju juu ya herufi ya kwanza ya neno langu. Bado bichi, linang'aa, na ndani yake mbegu ya pilipili. Nikasema basi, imetosha. Nikalipangusa, nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, nikaliondoa neno la siri. Kuanzia hapo nikigonga kitufe, rekodi zangu zinafunguka moja kwa moja, bila kuandika hata herufi moja. Nakumbuka nilishusha pumzi kwa raha.

Sasa nimlete mama wa mofa. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, anaishi hatua chache kutoka msikitini. Mofa ni mkate wa mtama unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo, na hiyo yake iliisha barazani kabla jua halijapanda. Hakuwa na kazi nyingine. Mikate ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu watatu walioachwa kwake.

Mapema mwaka ule alianza kukohoa, akakonda, akaja kwetu. Makohozi yakapimwa, ikawa kifua kikuu. Siku aliyoambiwa nilikuwepo kuandika, nikamwona. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Na mikate yangu?" Daktari akamweleza kwamba maradhi haya huenda kwa hewa, hayaendi kwa mkate, lakini wiki za mwanzo akae mbali na watu mpaka dawa ishike. Akaenda nyumbani akazima tanuri. Watu akawaambia mgongo unamsumbua. Alikaa hivyo, bila kuuza hata mkate mmoja, mpaka alipopimwa tena na daktari akamwambia sasa hamwambukizi mtu. Wangapi wangefanya hivyo? Mimi sina hakika kama ningefanya.

Dawa zake zilikuwa za miezi sita. Kila Jumatatu alikuja kuchukua za wiki. Siku moja alibaki nyuma, akasubiri bwana wa mapokezi atoke, akaniinamia. "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye kuandika. Watu wakijua hawatanunua tena. Hata nikipona, hawatanunua. Hawa watoto nitawalisha nini?"

"Mama, hapa haitoki," nikamwambia, na nikaweka mkono juu ya kompyuta. Akanishika bega akaondoka.

Siku ile ilikuwa Jumatano, adhuhuri inakaribia. Mama wa mofa alikuwa amemaliza mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeifungua orodha ya wote wanaokunywa dawa za kifua, natayarisha ripoti, na kidole changu kikagusa kitu cha kunata chini ya ukingo wa kibodi. Sikutaka kujua ni nini. Nikagonga kitufe kwa kiwiko, skrini ikahamia kwenye kompyuta ya bwana, nikatoka mbio kwenda kwenye pipa la maji uani. Nikanawa. Mimi nikinawa, nanawa. Sabuni mara tatu, hadi viwikoni, na katikati ya vidole.

Niliporudi, skrini ilikuwa inaonyesha kompyuta yangu. Orodha yangu, majina yote. Juu ya kitufe palikuwa na kipande cha jani la miraa kimenata. Bwana wa mapokezi alikuwa amekaa kitini anatazama dirisha, na hatafuni.

Hapa ndipo ninapotaka kujizaba kofi. Niliiona orodha. Niliona jani. Na nilichofanya ni kutoa pamba mkobani, kuitia spiriti, na kukipangusa kile kitufe. Nikasema kwa sauti, "Uchafu gani huu, jamani!" Sikuuliza kitu kingine. Nikakaa nikaendelea na ripoti.

Kwetu mgonjwa hatazamwi kwa simu. Ikitoka habari kwamba fulani hawezi, baada ya alasiri wanawake huvaa mabuibui wakaenda wakakaa naye, wakamwombea dua, wakala au wakanywa kidogo alichonacho, ndipo wakaondoka. Ni desturi njema na nimeipenda maisha yangu yote. Jumamosi ya wiki ile walikwenda kwa mama wa mofa, ambaye mjini hakuwa amemwambia mtu yeyote maradhi yake. Muuguzi wetu alikuwa jirani yake, ndiye aliyenisimulia, na aliponisimulia hakunitazama usoni.

Mikate ilikuwa imelala barazani tangu Alhamisi, mama akidhani labda watu wamechoka na mofa. Mara akawaona wanaingia, saba au wanane, kila mmoja ameuvuta ushungi juu ya pua. Wakakaa wamebanana karibu na mlango, ingawa ndani palikuwa na nafasi. "Tumesikia huwezi," wakasema. "Pole sana, Mola atakuafu." Akawaletea kahawa na mofa, ile ile waliyokuwa wakiila miaka yote. Wa kwanza akasema amefunga. Wa pili naye amefunga. Wote wamefunga, siku ya Jumamosi, si Ramadhani, si Jumatatu wala si Alhamisi za sunna! Mama akawatazama mmoja mmoja. Akalichukua sinia akalirudisha jikoni lilivyo.

Jumatatu hakuja kuchukua dawa. Nilikaa natazama mlango hadi adhuhuri. Nikamgeukia bwana wa mapokezi.

"Ulimwambia nani?"

Hakukana. "Mke wangu tu, Bi. Tuna mtoto mchanga, na mofa ya yule mama haitukosi asubuhi hata moja. Nimuache mke wangu anunue? Naye labda alimwambia dada yake." Kisha akaongeza, kwa upole, na upole wake ndio uliniwasha: "Ungekuwa wewe ungenyamaza? Wewe usiyegusa kitasa?"

Nilimtukana. Nilimwambia mdomo wake mchafu kuliko vidole vyake, na vidole vyake hata nguruwe ningemhurumia akivilamba. Nilisema mengi, mbele ya wagonjwa. Daktari akatoka chumbani, akasikia, akamwambia bwana arudi nyumbani na asije tena. Akakusanya mfuko wake akaenda zake. Jioni mji mzima ulijua kwamba yeye ndiye aliyetoa siri, na mimi njiani wanawake walinipa pole kwa kufanya kazi na mtu kama yule. Nikapokea pole zao. Nikazibeba hadi nyumbani.

Jumanne asubuhi daktari akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia usiku kucha. "Lakini aliingiaje? Si ulisema kuna neno la siri?"

Nikamwambia. Alikuwa ameshika kalamu, akaifunga kifuniko chake pole pole. "Madam," akasema, "si nilikwambia uchukue hiyo isiyo na kitufe?" Aliingia ndani kumwona mgonjwa aliyefuata, na mimi nikabaki na ile mashine, nikaitia neno la siri jipya kwa vidole vyangu vyote kumi.

Mama wa mofa alikuwa amekosa dawa siku mbili. Dawa hizo hazitaki mchezo. Ukizikata katikati, maradhi yanarudi yakiwa yamezizoea, na hapo kupona kunakuwa bahati nasibu. Daktari akaamua apelekewe nyumbani kila siku, anywe mbele ya mtu, na kadi yake itiwe alama. Muuguzi alikuwa na mama anayejifungua. Daktari akanipa mimi pakiti na kadi. "Hakikisha umemwona anameza."

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda. Tanuri lilikuwa baridi, na lilikuwa limeshafunikwa kwa gunia. Mjukuu wake mdogo alikuwa analia ndani, kilio cha njaa, si cha kupigwa. Sauti hizo mbili mwanamke yeyote anazitofautisha.

"Karibu," akasema, bila kuinuka.

"Mama, nimekuletea dawa."

"Za nini?" Alisema bila hasira. "Nipone nimuuzie nani?"

Nikasema habari za wajukuu, nikasema miezi mitatu tayari imepita, imebaki mitatu tu, nikasema maneno yote ya kwenye bango la ukutani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Yule bwana wamemfukuza, nimesikia," akasema. "Mdomo wake naujua tangu mdogo. Ndiyo maana yeye sikumwambia. Nilikwambia wewe." Akakisogeza kigoda chake kunikabili. "Habari aliipata wapi?"

Ningeweza kusema aliiba. Mji mzima ulisema hivyo, na angeamini. Neno lilinifika ulimini. Lakini macho yake hayakuniacha, nami nikamwambia yote: skrini moja, kompyuta mbili, kitufe cha kugonga. Hakufahamu. Nikamwambia, "Ni mlango, mama. Mlango wa rekodi zenu. Ulikuwa na kufuli, na kufuli nililitoa mimi."

"Kwa nini?"

"Kulifungua ilikuwa lazima niiguse kibodi. Na kibodi ilikuwa chafu. Nilikuwa naona kinyaa."

"Kinyaa," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Alinitazama muda mrefu, kuanzia ushungi hadi viatu, kisha akautazama mlango ambako wale wanawake walikuwa wamekaa wamebanana. "Wewe nawe," akasema.

Wallahi nimetukanwa mara nyingi maishani, na watu wenye ndimi za moto, lakini hakuna tusi lililowahi kunifika mahali maneno yale mawili yaliponifika. Mtoto alizidi kulia mle ndani. Mama akanyoosha mkono, si kwangu, kwa pakiti. Akaichukua. Akachota maji mtungini kwa kata, akavitia vidonge kinywani kimoja baada ya kimoja, akameza. Kisha akafungua kinywa, akainua ulimi, anionyeshe hakuna kilichobaki. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo.

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Sikunywa kwa ajili yako. Haya, andika. Hapo kwenye kadi, kwa kalamu, nikuone."

Nikaandika tarehe nikatia alama. Akaichukua kadi mkononi mwangu, akaikagua, akaitia kifuani, ndani ya nguo.

"Hii itakaa kwangu," akasema. "Na kesho usije wewe. Aje yule wa Chundwa."